MBIO ZA PIKIPIKI: SOMO KWA VIJANA NA WALEZI WAO

Mwezi huu tujifunze neno ambalo vijana wetu hulizungumza sana, bali wazee hulipita kama kwamba halipo. Neno lenyewe ni mbio za pikipiki.

Siku moja nilikuwa Mikumi, penye njia panda iendayo Kilosa. Kijana mmoja niliyemfundisha kipaimara alinijia, akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Je, kushindana mbio kwa pikipiki ni dhambi?" Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Mbona wauliza leo?" Akanieleza kwamba yeye na mwenzake wamewekeana shilingi 50,000, waone ni nani atakayetangulia kufika Kilosa Jumapili. Sikumjibu upesi. Nilimwambia aketi, tukaongea. Na hayo tuliyoongea ndiyo somo hili.

1. Washindanao uwanjani hufanyaje?

Katika Afrika ya Mashariki wako watu washindanao kwa pikipiki kwa halali. Uganda wana uwanja wa Garuga, karibu na Entebbe, na mwingine wa Busiika. Kenya hushindana Jamhuri Park, Nairobi. Mchezo huu huitwa motokrosi. Njia yake ni ya udongo, ina vilima na kona nyingi, nayo yazunguka na kurudi pale ilipoanzia. Walio wengi hawashindani kwa mshahara. Wana kazi zao nyingine, na gharama hulipa wenyewe. Hata watoto wamo, wenye vyombo vya injini ya sentimita 50 za ujazo. Kisha hupanda daraja, 65, 85, 125, na kuendelea. Mtoto hapewi chombo kinachomzidi nguvu.

Siku ya kwanza chombo hukaguliwa: breki, cheni, matairi, na kishikio cha mafuta, kwamba kikiachwa chajirudia chenyewe. Hutazamwa pia kofia ngumu, buti, na kinga za kifua na magoti. Penye kasoro, mtu haingii. Baadaye huizunguka njia taratibu apate kuijua, wapi udongo ni laini na wapi kona yajikunja ghafula. Ndipo huongeza mwendo kidogo kidogo.

Siku ya mashindano wote husimama mstari mmoja nyuma ya kizuizi, nacho huanguka kwa wote mara moja. Tena wote huelekea upande mmoja, hata hakuna atakayekutana na mwenzake uso kwa uso.

2. Bendera na hesabu ya ushindi

Kandokando ya njia husimama watu wenye bendera. Ya njano maana yake kuna hatari mbele. Punguza mwendo, wala usimpite mwenzako. Ya buluu yasema, nyuma yako yuko mwenye mwendo mkubwa kuliko wako, mwachie nafasi. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Yenye miraba myeusi na myeupe ndiyo mwisho. Anayeidharau bendera ya njano huadhibiwa, hata akiwa wa kwanza.

Tena ushindi haupatikani kwa mbio moja tu. Kwa desturi ya mashindano ya dunia, wa kwanza hupata alama 25, wa pili 22, wa tatu 20. Basi aliyekuwa wa kwanza asubuhi, akaanguka mchana asimalize, ana 25 tu. Na aliyekuwa wa tatu mara zote mbili ana 40. Mchezo wenyewe wamsifu mtu anayemaliza.

3. Barabara yetu si uwanja

Sasa tulinganishe. Njia ya Mikumi na Kilosa ina watoto watokao shule, akina mama wenye kuni, baiskeli, ng'ombe, na magari yanayokuja mbele. Hao hawakukubali kuingia mashindanoni. Na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa yapita katika Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, kwa kadiri ya kilomita 50. Humo mwendo umewekewa mpaka: kilomita 70 kwa saa mchana, na 50 usiku, kwa kuwa tembo, twiga na nyati huvuka wapendapo. Tembo hatanguliwi na mtu wa bendera ya njano.

Iko mbio mashuhuri katika kisiwa cha Man, karibu na Uingereza. Tangu mwaka 1911 watu hushindana huko katika barabara za kawaida za milimani, mzunguko wa kilomita 60. Barabara hufungwa, wala hapiti mwingine. Hata hivyo waendeshaji zaidi ya 250 wamekufa katika njia ile, kwa sababu kuta, miti na nguzo ziko karibu. Ikiwa barabara iliyofungwa yaua hivi, iliyo wazi je?

4. Hesabu ya breki

Mwalimu aiandike hesabu hii ubaoni. Mwenye kwenda kilomita 50 kwa saa hupita meta 14 kila sekunde. Mwenye kwenda 100 hupita meta 28. Tangu jicho kuona hata mkono kushika breki, yapita kama sekunde moja. Kisha breki nazo zahitaji nafasi: katika lami kavu, kwa mwendo wa 50, yapata meta 14, lakini kwa mwendo wa 100 si mara mbili, ila mara nne, yaani meta 56. Basi wa kwanza husimama baada ya meta 28, na wa pili baada ya meta 84. Penye vumbi na changarawe ni mbali zaidi.

Mtoto akitokea meta 40 mbele, wa kwanza amekwisha kusimama kabla ya kumfikia. Wa pili humfikia akiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 90. Hapo ustadi wa mwendeshaji haumsaidii mtoto.

Na kofia je? Uchunguzi wa waganga umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendeshaji kwa kadiri ya 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika 100. Kofia iliyoning'inizwa mkononi haipunguzi kitu. Na wale wanaopakizana mishikaki, watatu au wanne, wajue ya kuwa breki zile zile zinabeba uzito wao wote.

5. Jibu nililompa

Nilimwambia, "Mbio zenyewe si dhambi. Dhambi ni kumtia mtoto wa mwenzio katika mchezo ambao hakuukubali; tena kuweka uhai kuwa rehani ya fedha." Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, watanicheka." Ndipo nikajua ya kuwa kijana huyu haogopi barabara, aogopa kicheko.

Jumapili ile alikuja kanisani. Mwenzake alishindana na mwingine. Wakafika Kilosa salama wote wawili, wakamcheka kweli. Akaniambia, "Baba, wamefika." Nikasema, "Nashukuru kwamba wamefika. Lakini hesabu ya breki haikubadilika kwa ajili yao. Siku hiyo hakutokea mtoto, basi." Siku za mwizi ni arobaini.

Wazee na walimu, tusiwaachie vijana wetu kicheko peke yake kiwe mwalimu wao. Anayekataa mbio za barabarani asifiwe mbele ya wenzake, kama tunavyomsifu mwenye mabao uwanjani. Na kila safari itanguliwe na ukaguzi: breki, cheni, matairi, taa, kofia.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja mambo manne yaliyo uwanjani, nayo hayako barabarani.
2. Kwa nini mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi ya breki huongezeka mara nne?
3. Kufika salama mara moja kwathibitisha nini?
4. Katika mtaa wenu, ni nani anayemcheka kijana mwangalifu, nasi tutamwambia nini?