Mashapo ya Mlango wa Mto na Sumu ya Metali Nzito

Makala hii inafafanua kwa nini maji maangavu si thibitisho la mto salama. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na taka za jiji, ukaitwa Galana, kisha Sabaki uingiapo Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Metali nzito, kama vile risasi na zebaki, hunata kwenye chembe za mfinyanzi. Maji baridi yakutanapo na ya chumvi, chembe hizo hushikamana na kutua chini, zikawa mashapo. Metali haiozi. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua haiondoki kwa agizo. Mashapo yakitibuliwa, sumu huweza kurejea majini, ikamfikia kaa, samaki na hatimaye mlaji. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Uzoaji wa tope la ghuba ulikamilika 1990.

Kwa hivyo, kupima maji pekee hakutoshi. Sharti mashapo nayo yapimwe. Aidha, matokeo yawafikie wavuvi kwa istilahi wazi: waelezwe kwamba risasi itajwayo ndiyo metali ya chubwi zao, wala si silaha.