«Adjuster» katika Kiingereza cha bima: mkadiria hasara ni wa nani?

Kiingereza cha bima kina jina la kazi ambalo kamusi hulipitia haraka: «adjuster». Ni mtu anayekuja baada ya moto, ajali au mafuriko, anatazama kilichoharibika, anasoma mkataba, kisha anasema kampuni ilipe kiasi gani. Hadi hapo hakuna ugumu. Ugumu ni kwamba jina halisemi mtu huyo anamtumikia nani. Maelfu ya Wakongo wanaishi Marekani leo, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na baadhi yetu tunaosoma lugha tutakuwa wakalimani wao. Tukilifasiri jina hili vibaya, mwenye hasara ataongea na mtu wa kampuni akidhani anaongea na mtetezi wake.

Tuanze na kitenzi. «To adjust» kilifika Kiingereza kupitia Kifaransa, na wengi wanaochunguza asili ya maneno hukipeleka hadi Kilatini «juxta», yaani karibu: kusogeza kitu karibu na kingine. Baadaye watu walianza kusikia ndani yake «justus», -enye haki. Harufu hiyo ya haki haijatoka mpaka leo.

Baharini harufu hiyo ilikuwa na sababu. Kuna desturi ya kale kwamba shehena ikitupwa majini ili kuokoa meli, wote waliookolewa wanachangia hasara. Tuseme meli ina thamani ya 60, shehena ya tajiri mmoja 30, na ya mwingine 10. Ile ya 10 inatupwa. Jumla ni 100, kwa hiyo kila mmoja anabeba sehemu ya kumi ya mali yake: mwenye meli 6, tajiri wa kwanza 3, na yule aliyetupiwa mali anabaki na hasara ya 1 tu. Anayepiga hesabu hii anaitwa «average adjuster», na chama chao cha London kilianzishwa mwaka 1869. («Average» hapa si wastani wa darasani. Wengi hulirudisha neno hilo kwenye Kiarabu, katika neno la bidhaa iliyoharibika.) Mtu huyu anatakiwa kuwa katikati, yeyote aliyemwita. Hapo kufasiri kwa «msuluhishi» kusingekuwa mbali na ukweli.

Nchi kavu, mambo ni mengine. Nchini Uingereza «loss adjuster» huitwa na kulipwa na kampuni ya bima, ingawa maadili ya kazi yanamtaka asipendelee. Mwenye bima akitaka mtu wake, anamtafuta «loss assessor». Majina mawili, kazi karibu ileile, mabwana wawili. Mtu wa nje hawezi kukisia tofauti hiyo kutoka kwenye maneno yenyewe, kwa sababu kukadiria na kulinganisha hakuna upande.

Marekani wamechagua njia nyingine: jina moja, vivumishi vitatu. «Staff adjuster» ni mwajiriwa wa kampuni ya bima. «Independent adjuster» si mwajiriwa wake, lakini ni kampuni hiyo inayompa kazi na kumlipa. «Public adjuster» ndiye anayemwakilisha mwenye bima, na kwa kawaida hulipwa asilimia ya fedha zitakazopatikana. Katika jimbo la Florida sheria imemwekea kikomo: 20 kwa mia kwa kawaida, 10 kwa mia kwa madai ya mwaka wa kwanza baada ya janga lililotangazwa kuwa la dharura.

Sasa fasiri vivumishi hivyo neno kwa neno. «Mkadiriaji huru» atasikika kama mtu asiye na upande, kumbe analetwa na kampuni. «Mkadiriaji wa umma» atasikika kama mtumishi wa serikali, asiyelipwa na raia, kumbe ndiye utakayemlipa wewe. Tafsiri mbili zilizo sahihi kwa kamusi, na zote mbili zinamgeuza msikilizaji nyuma mbele. Madhara yake ni ya kweli: «adjuster» hupiga simu, huomba kurekodi maelezo, na mtu anayemwona kuwa wake atasema hata yale asiyoulizwa.

Kisarufi, shida iko mahali pamoja. Katika «claims adjuster», nomino ya kwanza ni kitu kinachotendwa: anashughulikia madai. Katika «insurance adjuster» sivyo, hakuna anayekadiria bima. Ni uwanja wa kazi. Katika «public adjuster» ni wateja. Kiingereza kinayapanga yote mbele ya jina bila kiungo chochote. Kiswahili kina njia zaidi: tunaweza kubandika kitendwa moja kwa moja, «mkadiria hasara», halafu kiunganishi «wa» kikabaki wazi kwa ajili ya bwana wake: mkadiria hasara wa kampuni, mkadiria hasara wa mwenye bima. Ninaona tuitumie nafasi hiyo kila mara, hata pale ambapo Kiingereza kimenyamaza.

Kwa nini si «mrekebishaji»? Kwa sababu kurekebisha ni kutengeneza, na mwenye nyumba atamngojea aje na misumari. «Msuluhishi» tumwachie wa baharini. «Mtathmini» halina kosa, ila linakaa vizuri zaidi kwa anayethamini nyumba au kiwanja kabla hakijaharibika.

Kwetu, ofisi zinatumia Kifaransa na jina ni «expert». Neno hilo linasifu ujuzi wa mtu na kunyamaza juu ya anayemlipa, ndiyo maana Wafaransa wenyewe wanasema «expert d'assuré» wanapotaka kumtaja wa upande wa mteja. Tangu 1966 asiransi nchini mwetu ilikuwa ya shirika moja la serikali, hadi sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko. Kampuni zikiwa nyingi, swali la «expert wa nani» linaingia katika Kiswahili chetu pia, si katika cha walio ng'ambo tu.

Limebaki gumu moja: «independent adjuster». Ninapendekeza «mkadiria hasara wa kukodiwa na kampuni». Ni refu, na mkalimani aliye kazini atalilaumu. Akitaka kulifupisha, akate «wa kukodiwa» na abakize «wa kampuni».