Biashara ya Mbao Ngumu: Funzo Kutoka Malaysia na Indonesia

Katika elimu ya misitu, miti migumu ni ile yenye majani mapana, kama vile mninga, mvule na meranti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Misonobari na jamaa zake huitwa miti laini. Mgawanyo huu hautokani na ugumu wenyewe, kwani hata balsa, ambayo ni nyepesi mno, huhesabiwa kuwa mti mgumu.

Malaysia na Indonesia ni nchi jirani, zinazogawana kisiwa cha Borneo na misitu yake ya meranti. Hata hivyo, historia ya biashara yao ya mbao haifanani.

Rasi ya Malaysia ilianza mwaka 1972 kuzuia magogo ya aina kadhaa yasiuzwe nje, na mwaka 1985 ikayazuia yote. Kusudi lilikuwa kuvipatia viwanda vya kupasua mbao mali ghafi, na wananchi kazi. Sabah na Sarawak, zenye mamlaka juu ya misitu yao, ziliendelea kuuza magogo. Malaysia ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mbao za nchi za joto.

Indonesia, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa magogo katika miaka ya 1970, ilianza kuyazuia mwaka 1980 na kukamilisha zuio hilo mwaka 1985. Mwaka 1989 ilitoza mbao zilizopasuliwa ushuru mkubwa mno wa kuuzwa nje. Hivyo magogo yakaelekezwa kwenye viwanda vya plaiwudi, na Indonesia ikaongoza duniani kwa kuuza bidhaa hiyo.

Mtu atazamaye takwimu za mbao zilizopasuliwa peke yake angeweza kudhani kwamba baada ya 1989 misitu ya Indonesia ilipumzika. La hasha! Miti iliendelea kuangushwa. Kilichobadilika ni umbo la bidhaa. Isitoshe, magogo yaliyozuiwa kwenda nje yalishuka bei nchini, na viwanda vikakosa sababu ya kuyatumia kwa uangalifu.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha, hapana budi bidhaa zote zigeuzwe kuwa kipimo kimoja, yaani ujazo wa magogo. Tuseme kiwanda hupata mbao nusu ya gogo, na nusu nyingine ni maganda, mabanzi na unga wa mbao. Basi mita za ujazo 1,000 za mbao zimegharimu msitu mita za ujazo 2,000 za magogo. Kiwanda kikipata asilimia 40 tu, gharama hiyo hufikia 2,500.

Tahadhari ya pili ni mpaka. Magogo yaliyokatwa Indonesia bila kibali yalivushwa kwa magendo hadi Malaysia, na mwaka 2002 Malaysia ikapiga marufuku kuingiza magogo kutoka kwa jirani yake. Mbao zilizotokana na magogo ya namna hiyo huonekana katika hesabu za nchi moja, ilhali visiki vimebaki katika nchi nyingine.

Funzo hili lazihusu pia nchi zenye mninga na mvule. Kuzuia magogo huweza kuleta viwanda na ajira, lakini hakuhifadhi msitu. Msitu huhifadhiwa pale tu kiasi kinachokatwa kisipozidi kiasi kinachoota.