Kabla Hujanunua Hedifoni: Kijitabu cha Familia

Kijitabu hiki ni cha watu wa nyumba moja: kijana anayekwenda chuo kwa daladala, mtoto anayefuatilia masomo kwenye tableti, mama anayesikiliza mawaidha huku akikaanga samaki, na babu anayeongeza sauti ya televisheni mpaka jirani anafuata taarifa ya habari bila king'amuzi. Wote siku hizi wanavaa hedifoni, au karibuni watavaa. Humu tunasema hedifoni kwa aina zote, kubwa za kufunika masikio na ndogo za kuchomeka.

Muuzaji akikuonyesha mzigo wake atakuambia zinapiga. Ni kweli, nyingi zinapiga. Swali la afya ni jingine: je, utasikia vizuri ukiwa umepunguza sauti? Hedifoni inayokaa sawasawa sikioni na kuzuia kelele za nje inakutosheleza kwa sauti ndogo. Inayopwaya inakufanya upandishe, na ukishazoea kupandisha, kushuka ni kazi. Kwa hiyo ubora wa sauti, raha ya kuvaa na bei, mambo ambayo watu hudhani yanagombana, kwa mwenye kujali masikio yake huishia kwenye swali hilo moja.

Sikio linavyoumia

Ndani kabisa ya sikio kuna mrija mdogo uliojiviringa, umejaa maji, na humo zimepangwa seli zenye vinyweleo. Mtu huzaliwa na seli hizo takriban 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinainama, na seli zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno vinalala kama mpunga uliopigwa na upepo. Ikitokea mara moja moja, vinainuka: ndiyo maana ukitoka kwenye harusi yenye spika kubwa masikio yanaziba, na kesho yake yanafunguka. Ikirudiwa kila siku, seli zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna kidonge wala tone la kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Hizo ndizo zinazotutofautishia "soma" na "choma". Mwenye tatizo hili hasemi kwamba hasikii. Husema, "Nakusikia, ila sikuelewi," na watu wa nyumbani wanadhani hana makini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 duniani, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mwongozo uliotolewa na WHO pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: desibeli hazipandi taratibu kama namba zake zinavyoonekana. Kila ukiongeza 3, muda salama unakatika nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, 86 ni saa 10, 90 ni saa 4. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 20 kwa wiki nzima, yaani nyimbo tano au sita, basi.

Kwa hesabu hiyohiyo, angalia hedifoni za watoto zilizoandikwa kwamba hazizidi desibeli 85. Mzazi akisoma hivyo anatulia, anamwachia mtoto katuni mchana kutwa. Lakini kwa mtoto, desibeli 85 ni takriban saa 4 tu kwa wiki. Kikomo hicho ni bora kuliko kukosa kikomo, ila hakimwondolei mzazi kazi ya kuangalia saa.

Simu nyingi hazikuonyeshi desibeli, zinakuonyesha mstari wa sauti. WHO wanashauri usivuke asilimia 60 ya mstari huo. Ni kanuni ya makadirio, maana hedifoni mbili kwenye simu moja, mstari ukiwa palepale, moja inaweza kupiga kuliko nyingine. Wenye iPhone wanaweza kuona kiwango chao kwa desibeli kwenye programu ya afya iliyomo humohumo. Simu nyingine nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Na kipo kipimo kisichohitaji simu: mtu akisimama umbali wa mkono mmoja, akaongea kawaida, nawe humsikii kabisa, punguza.

Dukani

Uwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, uwe Luthuli Avenue jijini Nairobi, nenda na simu yako na wimbo unaoujua nje ndani. Taarabu inafaa sana kwa kazi hii, maana besi, fidla na mwimbaji kila kimoja kina nafasi yake. Kikizama kimoja utajua. Muuzaji asipotaka kufungua boksi ana haki, hakuna anayependa kuvaa iliyotoka sikioni mwa mtu. Mwombe sampo, ifute kwa spiriti, ujaribu hiyo.

Kwa zile za kuchomeka, piga wimbo kwa sauti ya chini, kisha isukume hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, ina maana ilikuwa haijaziba vizuri, na kosa huenda si la hedifoni bali la kipira. Boksi nyingi huja na vipira vya saizi tatu, na wengi wetu huvitupa pamoja na boksi. Vijaribu vyote. Usishangae sikio la kulia likataka kikubwa na la kushoto kidogo. Matundu ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ndipo uingize. Tundu linanyooka na kipira kinakaa.

Kisha kunja waya pole pole karibu na pini, na pale unapoingia kwenye hedifoni. Ukisikia mkwaruzo, au upande mmoja ukikatika na kurudi, irudishe hapohapo. Hakikisha pia mwimbaji anasikika katikati ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, pande hazilingani, nawe utakuwa unapandisha sauti kwa ajili ya sikio lisilosikia huku lile lingine likiumia.

Maandishi ya boksi yasikutishe. Namba "20 hadi 20,000 Hz" ipo karibu kwenye kila boksi, nzuri na mbovu. Ni mipaka ya sauti ambazo sikio la binadamu lenye afya linaweza kusikia, na haikuambii lolote kuhusu ubora. Besi iliyoongezwa sana, ambayo wauzaji huisifia, huifunika sauti ya mwimbaji, nawe unapandisha ili umsikie. Halafu kuna mtego wa herufi. ANC ni teknolojia ya kufuta kelele kwa ajili ya masikio yako. ENC ni kusafisha sauti yako unapopiga simu, ili mwenzako asisikie pikipiki zinazopita. Wewe mwenyewe kelele zako unabaki nazo. Tofauti ni herufi moja, na kuna wauzaji wanaokuuzia ya pili kwa bei ya kwanza.

Pesa

Hedifoni za kandokando ya stendi, za shilingi elfu tatu au elfu tano za Tanzania, zinafaa kusikiliza ujumbe wa sauti na mpira ukiwa barazani. Kwa kusikiliza saa nyingi hazifai, kwa sababu aghalabu hazizibi, na sauti yake ni nyembamba. Ukitoka hapo kwenda za bei ya kati unaona tofauti kubwa. Ukitoka za kati kwenda za bei mbaya, kila elfu kumi unayoongeza inakupa kidogo kuliko iliyotangulia, na nyingine inalipia jina tu.

Kwa pesa ileile, yenye waya mara nyingi itakupa sauti bora kuliko ya blutuu, kwa kuwa hulipii betri, chipu wala kikasha cha kuchajia. Waya ukikatika karibu na pini, fundi simu anakuungia pini nyingine na maisha yanaendelea. Zile ndogo za blutuu betri ikichoka ndiyo mwisho wake, na ukidondosha moja kwenye daladala iliyojaa, usihangaike kuinama. Simu isiyo na tundu la pini itahitaji kiunganishi au hedifoni yenye pini ya Type-C.

Wapo wanaoogopa kwamba blutuu inaunguza ubongo. Nguvu ya mawimbi yake ni ndogo kuliko ya simu yenyewe unayobandika sikioni. Kinachojulikana bila ubishi kuharibu sikio ni sauti kubwa, iwe ya waya au isiyo na waya.

ANC ina gharama yake, na inalipa kwa mtu anayekaa muda mrefu ndani ya basi, ndege, au karibu na jenereta. Inafuta vizuri mngurumo mzito usiobadilika. Maneno ya watu na honi zinapita. Kwa anayesikilizia chumbani usiku ni pesa ya bure. Asiye na bajeti kabisa aanze na vipira vya sponji kwa hedifoni aliyonayo tayari: unavifinya kwa vidole, unavaa, vinatanuka na kuziba tundu. Sidhani kama kuna pesa ndogo inayofanya kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Kuvaa, kwa joto letu

Hedifoni kubwa za ngozi ya bandia zinaziba vizuri, lakini Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, nusu saa tu masikio yameloa jasho, na baada ya muda ngozi yenyewe inabanduka vipande vyeusi vinavyonasa shavuni. Za kitambaa zina upepo, ila zinapitisha kelele zaidi. Anayevaa miwani ajaribu nayo usoni, kwa sababu mkono wa miwani huacha upenyo na pia hugandamizwa kichwani. Anayevaa mtandio ataona kuwa kubwa juu ya kitambaa hazizibi; ndogo za kuchomeka, waya ukipita ndani ya mtandio, zinamfaa zaidi. Na kwa yeyote yule, hedifoni ikikuuma dukani baada ya dakika tano, nyumbani haitakuonea huruma.

Kwenye matatu au daladala yenye muziki wa kutetemesha vioo, kuweka wimbo wako juu ya wimbo wao ni kujiongezea mzigo. Hapo vizibo vya sponji visivyo na muziki ndivyo kinga. Dereva wa bodaboda na bajaji asivae hata upande mmoja, na anayevuka barabara avue.

Babu ni suala la peke yake. Hedifoni zitaokoa majirani, lakini si kifaa cha kusaidia kusikia. Kama anapandisha mpaka mwisho ndipo aelewe, apelekwe kupimwa masikio kabla ya kununuliwa chochote.

Usafi, na wakati wa kwenda hospitali

Usiazimane hedifoni za kuchomeka, hata na ndugu. Vua vipira kila wiki, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Usivae sikio likiwa bichi baada ya kuoga au kuogelea; unyevu uliofungiwa tunduni unakaribisha fangasi. Sikio linalotoa usaha lisichomekwe kitu. Na nta usiifuate kwa pamba za vijiti, unaisukuma ndani. Kipira kikibaki tunduni, usikichokoe kwa kibanio cha nywele. Nenda kituo cha afya.

Mlio masikioni usioisha baada ya siku moja, kuziba kusikofunguka, kuwaambia watu "rudia" mara kwa mara: hizo ni sababu za kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, kwa saa chache au ukiamka asubuhi, nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba yake haisubiri wiki. Chukua na hedifoni zako pamoja na simu, umwonyeshe daktari mstari wa sauti pale unapouachaga, na umwambie bila kupunguza ni saa ngapi kwa siku.