Mtoto asiyepata choo bila kusaidiwa

SWALI: Mwanangu ana miezi 7. Tangu azaliwe hapati choo mpaka nimwekee kipande cha sabuni. Tumbo limejaa na uzito hauongezeki. Nyumbani wanasema ni chango. Hospitalini wamesema huenda akafanyiwa upasuaji wa utumbo. Je, ni lazima?

JIBU: Maelezo ya mama huyu yanafanana na ugonjwa wa Hirschsprung, ingawa vipimo ndivyo vitakavyothibitisha. Ni ugonjwa adimu: humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi ya wasichana. Chakula alichokula mama akiwa mjamzito hakiuleti.

Utumbo husukuma kinyesi kwa kukaza na kulegea, ukiongozwa na seli za neva zilizomo ndani ya kuta zake. Mimba ikiwa changa, seli hizo hushuka taratibu mpaka mwisho wa utumbo mpana. Zikiishia njiani, kipande kilichokosa seli hubaki kimekaza. Kinyesi hukwama, na sehemu ya juu yake hutanuka.

Kutanuka huko kuliwapoteza madaktari kwa muda mrefu. Harald Hirschsprung wa Copenhagen alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1886, macho yote yalielekea kwenye utumbo uliotanuka, kumbe huo ndio uliokuwa na seli zake. Mwaka 1948, Orvar Swenson na Alexander Bill wa Boston walichapisha upasuaji ulioondoa kipande kilichokaza, kisha wakauvuta utumbo wenye seli na kuuunganisha karibu na njia ya haja kubwa. Msingi huo ndio unaofuatwa hadi leo.

Kabla ya upasuaji, mtoto hupigwa eksirei baada ya kuingiziwa dawa maalumu kwa njia ya haja kubwa. Kisha hukatwa kinyama kidogo cha puru na kupimwa kwa darubini. Kipimo hiki ndicho kinachokata shauri. Watoto wengi sasa hufanyiwa upasuaji kupitia njia ya haja kubwa, bila kupasuliwa tumbo. Aliyechelewa, utumbo ukiwa umetanuka sana, huenda akatolewa kwanza njia ya choo tumboni kwa muda. Sabuni na dawa za kulainisha choo haziwezi kurudisha seli zilizokosekana, kwa hiyo ugonjwa ukithibitika, upasuaji ndiyo tiba.

Wazazi wa watoto wachanga wakumbuke saa 48. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni kwa kawaida hutoa choo cheusi cha kwanza ndani ya siku moja. Zikipita mbili, apelekwe hospitali.

Tumbo likivimba ghafla, au kukiwa na homa, kuhara kwenye harufu kali au matapishi ya kijani, asisubiri hata usiku mmoja. Huenda utumbo umeshambuliwa na maambukizi yanayoweza kuua, na hatari hiyo hubaki hata baada ya upasuaji.

Mama huyu aache sabuni na aombe rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto wiki hii. Amweleze choo cha kwanza kilitoka lini, na aende na kadi ya kliniki yenye rekodi ya uzito.