Kumsaidia mtoto mchanga kujifunza kugeuka kwa usalama

Kugeuka ni safari ya kwanza ya mtoto. Kabla ya hapo hubaki pale alipowekwa. Anapojifunza kugeuka, shingo, mgongo na mikono yake hupata nguvu atakazohitaji ili kukaa, kutambaa na kusimama. Lakini hatari mpya nazo huanza siku hiyo hiyo, kwa kuwa sasa anaweza kuanguka kitandani au kufika karibu na jiko. Kwa hiyo familia ina kazi mbili: kumsaidia mtoto ajifunze, na kumwandalia mahali salama.

Mtoto hugeuka lini?

Watoto wengi huanza kugeuka wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 6. Wengine hutangulia na wengine huchelewa kidogo, hivyo usimlinganishe mtoto wako na wa jirani. Ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa mfano, aliyezaliwa miezi 2 mapema, akifikisha miezi 6 mtarajie afanye mambo ya mtoto wa miezi 4.

Mpe nafasi ya kulala kifudifudi akiwa macho

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye bado hawezi kutambaa alazwe kifudifudi kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, akiwa macho na akiangaliwa. Si lazima dakika hizo zifuatane. Anza na dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku. Usifanye hivyo mara tu baada ya kunyonya, asije akacheua. Kama analia, mlaze juu ya kifua chako ili akuone uso.

Kubebwa mgongoni humpa mtoto joto na faraja. Hata hivyo, mtoto anayebebwa kutwa nzima anahitaji pia muda wa kujinyoosha juu ya mkeka.

Hatua za kumsaidia kugeuka

Tandika mkeka sakafuni na khanga juu yake. Tafuta kitu cha kumvutia, kama kopo dogo lenye punje za mahindi, lililofungwa vizuri kabisa. Ili ageuke upande wake wa kulia:

1. Mlaze chali. Tikisa kopo upande wa kulia, mbele ya macho yake, mpaka ageuze kichwa.
2. Nyoosha mkono wake wa kulia juu, kando ya kichwa, ili usibanwe chini ya mwili.
3. Kunja goti la mguu wa kushoto, kisha uvushe mguu huo taratibu juu ya mguu wa kulia. Nyonga zitaanza kugeuka.
4. Subiri. Mwache amalizie mwenyewe kwa kichwa, bega na mkono. Akishindwa, msukume kidogo kwenye nyonga. Usimvute kwa mkono wala kichwa.
5. Rudia upande wa kushoto. Mara 3 au 4 zinatosha. Akichoka, acha.

Zungumza naye na umsifu. Baba, bibi na kaka zake wanaweza kushiriki, mradi mtu mzima awepo.

Mahali salama

• Usimwache peke yake kitandani au mezani, hata kwa muda mfupi. Mtoto anaweza kuanguka siku ile ile anapogeuka kwa mara ya kwanza.
• Weka mkeka mbali na jiko, chai ya moto, taa ya mafuta na beseni la maji. Maji machache yanatosha kumzamisha mtoto.
• Okota vifungo, sarafu na mbegu zilizo sakafuni.
• Mlaze chali kila anapolala usingizi, mahali palipo bapa na pasipo mito. Nchini Uingereza tangu mwaka 1991, na Marekani tangu 1994, wazazi walifundishwa hivyo, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takribani nusu.
• Akianza kujaribu kugeuka, acha kumfunga kwa nguo inayobana mikono. Akikwama kifudifudi atahitaji mikono hiyo.

Mtoto akianguka na kichwa kugonga, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida, akazimia au akapata degedege, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Ikiwa mtoto hageuki

Mwone mhudumu wa afya ikiwa mtoto wa miezi 4 hawezi kuimarisha kichwa, au wa miezi 6 hajaribu kugeuka upande wowote. Nenda mapema pia ikiwa mwili wake ni mkakamavu au mlegevu sana, au anatumia mkono mmoja tu. Mtoto anayejipinda nyuma kwa nguvu na kupinduka ghafla kabla ya miezi 3 huenda hajawahi wenzake. Huo unaweza kuwa ukakamavu wa misuli.

Dalili hizi zinaweza kuonyesha mtindio wa ubongo. Ubongo unaweza kuumia mtoto anapokosa hewa wakati wa kuzaliwa, anapopata manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Hii si laana wala adhabu kwa mama. Mtoto anayefichwa ndani hukosa mazoezi katika miezi ile ambayo yangemsaidia zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuifundisha familia. Kwa mtoto mkakamavu, kwa mfano, kwanza kunja magoti yote mawili na kuyayumbisha polepole huku na huku mpaka miguu ilegee, ndipo umsaidie kugeuka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Katika nyumba zetu, mtoto anayegeuka hukutana na hatari gani? Tunaweza kuondoa ipi leo?
• Watu wa hapa husema nini kuhusu mtoto anayechelewa kugeuka au kukaa? Maneno hayo humfanya mama atafute msaada, au ajifiche?
• Je, kuna mtoto jirani ambaye hatujamwona siku nyingi? Nani atamtembelea?