Dondoo muhimu: Usimguse aliye hewani

Vijana wa Kasongo na Kabambare wamekulia kwenye mpira wa miguu, ambako kugongana juu kuwania mpira wa kichwa ni jambo la kila mechi. Anayejaribu raga aiache tabia hiyo nje ya uwanja.

Kanuni ya 9 ya raga inakataza kumkamata, kumsukuma, kumvuta au kumparamia mpinzani ambaye miguu yake haiko ardhini. Subiri atue, kisha mwangushe.

Unautaka mpira wa juu? Ruka nawe, macho yakiufuata. Mkifika pamoja na mkauwania kweli, mchezo unaendelea. Hatari kubwa ni kuchelewa ukabaki chini ya mpinzani aliyeruka, maana unampindua. Akiangukia mgongo au ubavu, tarajia kadi ya njano: dakika 10 nje, au 2 katika raga ya wachezaji saba. Akiangukia kichwa, shingo au bega, ni nyekundu, hata kama hukukusudia.

Mpira unaporushwa kutoka pembeni, aliyeinuliwa na wenzake naye haguswi.

Makocha, kwenye udongo mgumu wa kiangazi fundisheni kutua kwanza. Aliyeumia shingo asikalishwe wala kuinuliwa. Mshikilieni kichwa kisitikisike hadi muuguzi afike.